Dawa Iliyochoma Mishipa: Alupe na Ubongo wa Mgonjwa wa Malale

Katika wodi za malale, sirinji ya plastiki haikufaa kwa melasoprol. Dawa hiyo huyeyushwa ndani ya propilini glaikoli, kimiminika kinachoharibu plastiki, kwa hiyo muuguzi alishika sirinji ya kioo, akatafuta mshipa, akahakikisha sindano imekaa sawasawa, kisha akasukuma polepole. Tone likivuja nje ya mshipa, nyama ya mkono huvimba na huweza hata kuoza. Likiingia vizuri, mgonjwa husikia mkono ukiwaka hadi begani. Wengi walioipata dawa hiyo waliieleza kuwa ni moto unaotembea ndani ya damu.

Ndani yake mlikuwa na aseniki, sumu ile ile ambayo watu wameitumia kwa karne nyingi kuulia panya.

Hospitali ya malale ya Alupe, katika kaunti ya Busia, ilikuwa mahali ambapo wagonjwa wa magharibi mwa Kenya walipelekwa ugonjwa ulipokwisha kufika kichwani. Daktari alijua jambo lililo gumu kumweleza mama aliyeketi kando ya kitanda cha mwanawe: bila sindano hii mtoto atakufa, na katika kila wagonjwa 100 wanaodungwa, kati ya 5 na 10 ubongo wao utafura kwa sababu ya matibabu yenyewe. Homa itapanda, degedege litaanza, fahamu zitapotea. Karibu nusu ya watakaofikwa na hali hiyo hawataamka.

Hao walikufa kwa nini hasa? Kwa sumu iliyokuwa ndani ya sirinji, au kwa kitu kilichokuwa tayari kichwani mwao kabla ya sindano? Swali hili lilipelekwa maabara, likaulizwa kwa panya. Majibu yaliyopatikana yanawahusu watu wa Busia na Malaba kuliko wanavyojua wengi wao.

Ng'ombe, mto na mpaka

Alupe iko kilomita chache nje ya mji wa Busia, kwenye barabara ya kwenda Malaba, katika nchi ya Wateso. Vijana wa leo wanaijua kwa Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hati yake mwaka 2022, au kwa maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyopima sampuli za madereva wa malori waliokwama mpakani wakati wa Korona mwaka 2020. Wazee wanaikumbuka kwa magonjwa mawili yaliyoogopwa zaidi, ukoma na malale. Wa ukoma walikuwa na hospitali yao hapo. Wa malale walihudumiwa na Taasisi ya Utafiti wa Malale ya Kenya, KETRI, iliyoundwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika.

Kabla ya hapo utafiti wa malale wa nchi zote tatu ulikuwa ng'ambo tu ya mpaka. Shirika la EATRO lilikuwa na makao yake Tororo, mji ambao mwamba wake unaonekana kutoka Malaba. Wataalamu walijua kwa nini walikaa hapo. Kati ya mwaka 1900 na 1920, malale yaliua zaidi ya watu laki mbili kuzunguka Ziwa Viktoria, wengi wao Busoga. Ugonjwa huo ulirudi tena na tena: Alego mwaka 1964, Bonde la Lambwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, Busoga na Tororo katika miaka hiyo hiyo. Mbung'o wa huku, nzi wanaoeneza ugonjwa huu, huzaliana kandokando ya mito na katika vichaka vya lantana vinavyozingira maboma. Mtu anayeteka maji mtoni au kuchunga karibu na kichaka huumwa bila hata kwenda mwituni.

Mwaka 1966, R. J. Onyango wa EATRO na wenzake walichapisha ushahidi kutoka Alego kwamba ng'ombe wa kawaida, wasioonekana wagonjwa, wanabeba kimelea kile kile kinachomuua binadamu. Ugunduzi huo ulibadilisha namna ya kuutazama ugonjwa. Malale ya huku, yanayoletwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, yanaishi zizini, na kinachoyasafirisha ni biashara ya mifugo. Yalipozuka Soroti, Uganda, mwaka 1998, uchunguzi ulielekeza kidole kwenye soko la ng'ombe: mifugo iliyotolewa maeneo yenye ugonjwa ilipitishwa hapo, na watu waliokaa karibu na soko ndio waliougua zaidi. Wateso wa Soroti na wa Amukura, upande wa Kenya, ni ndugu. Wanaoana, wanazikana, wanauziana ng'ombe, na mpaka uliochorwa na wakoloni haujawahi kuwazuia.

Kinachotokea kichwani

Malale ya aina hii hayachelewi. Mbung'o akishauma, pengine hutokea uvimbe mwekundu pale alipouma, kisha homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na kichwa. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria. Homa hurudi, naye hupewa dawa ya malaria tena. Wakati huo vimelea vinaogelea katika damu, na baada ya wiki kadhaa huingia kwenye ubongo. Asiyetibiwa huweza kufa ndani ya miezi sita.

Ubongo una ulinzi wake. Mishipa midogo inayoulisha imefumwa kwa ukaribu mno, hata vitu vingi vilivyomo ndani ya damu haviruhusiwi kupita. Ni kama kituo cha forodha cha Malaba: sukari na hewa safi zina vibali, zinavuka, vijidudu na dawa nyingi hurudishwa. Kimelea cha malale kina njia zake za panya. Kikishavuka, dawa za damuni haziwezi kukifuata. Suramini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1920, huponya vizuri sana ugonjwa ukiwa bado damuni, lakini mlangoni pa ubongo husimama.

Kuanzia hapo mgonjwa hubadilika. Mpole huwa mkali, mchapakazi huacha jembe kando. Mchana husinzia hata akiwa na tonge mkononi. Usiku hukaa macho na kuzungukazunguka uani. Wako waliopelekwa kwa waganga au kufungwa kamba kwa kudhaniwa wana wazimu, na wengine waliachwa na wenzi wao.

Panya ndio waliosaidia kueleza kwa nini usingizi unapinduka. Watafiti wa Stockholm na Verona, miongoni mwao Krister Kristensson na Marina Bentivoglio, waliwaambukiza panya vimelea vya jamii hii wakachunguza sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu ya pale mishipa ya macho inapokutana. Sehemu hiyo ndiyo inayoongoza saa ya mwili. Macho huipelekea habari za mwanga kwa kutumia kemikali iitwayo glutameti, na seli zake huipokea kemikali hiyo kwa vipokezi, yaani protini zilizopachikwa juu ya ngozi ya seli, kila moja ikiwa na umbo la kukamata kemikali yake. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1998, vipokezi vya glutameti katika panya walioambukizwa vilikuwa vimepungua, na mpigo wa kila siku wa seli hizo ulikuwa umevurugika. Jua lilikuwa linachomoza kama kawaida, macho yalikuwa mazima, lakini habari za mchana na usiku hazikupokelewa barabara.

Hilo lina uzito kwa familia iliyowahi kumfunga kamba mtu wake. Aliyetembea uani usiku wa manane hakuwa amelogwa wala hakuwa mkaidi. Ugonjwa ulikuwa umegusa vipokezi vinavyomwezesha kiumbe kujua saa.

Tiba ya sumu

Aseniki iliingia katika tiba ya malale mapema. Mwaka 1906 na 1907, Robert Koch alikuwa visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, akiwadunga wagonjwa dawa ya aseniki iitwayo Atoxyl. Baadhi yao walipofuka, kwa sababu aseniki ile iliharibu mshipa wa jicho. Baadaye ikaja triparsamidi, nayo ikawa na dosari hiyo hiyo ya macho. Mwaka 1949 daktari Mswisi Ernst Friedheim akaleta melasoprol. Ilivuka hadi kwenye ubongo, ikaua vimelea huko, na watu waliokuwa wakisubiri kuzikwa wakainuka. Tukiieleza leo kama sumu, tukumbuke pia kwamba iliwaokoa wengi mno.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoifanya iwe ya kutisha. Aseniki hupenda kushikamana na salfa iliyo ndani ya protini, na protini nyingi za uhai zina salfa. Kimelea cha malale hutegemea molekuli moja yenye salfa, tripanothioni, kujikinga. Mwaka 1989 Alan Fairlamb na wenzake walionyesha kwamba aseniki ya melasoprol huifunga molekuli hiyo. Binadamu hana tripanothioni, ila ana salfa kila mahali, katika neva, ini, moyo na figo. Ndiyo maana dawa hii ilitolewa kwa mafungu, sindano chache kwa siku mfululizo, kisha mapumziko ya wiki, kisha fungu jingine, na mgonjwa akalazwa kwa mwezi mzima au zaidi, mbali na shamba na watoto.

Kwa miaka mingi maelezo ya vifo vya wodini yalikuwa mepesi: aseniki imewaua. Maelezo hayo yaliaminika kwa sababu yaliingia akilini. Hata hivyo, waliochunguza kwa makini waliona jambo lisilolingana nayo. Wagonjwa wengi walipata dozi ile ile wasidhurike ubongo, na walioanguka mara nyingi walianguka baada ya fungu la kwanza, kabla sumu haijarundikana mwilini.

Panya wa Glasgow

Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, kikawa mahali pa kulichambua swali hilo. Daktari wa neva Peter Kennedy, aliyewahi kuwaona wagonjwa wa malale Zambia akiwa kijana, alishirikiana na wataalamu wa mifugo Frank Jennings na Max Murray. Waliwaambukiza panya wadogo wa maabara, wakasubiri wiki tatu hadi vimelea vifike kwenye ubongo, kisha wakawatibu kwa diminazini. Mfugaji yeyote wa Busia anaijua dawa hiyo. Ndiyo Berenili, dawa ya nagana, yaani malale ya ng'ombe. Haina chembe ya aseniki. Husafisha damu lakini haiingii vizuri kwenye ubongo, kwa hiyo vimelea vya kichwani hubaki.

Panya hao walipata uvimbe mkali wa ubongo, unaofanana sana na ule ulioonekana katika maiti za wagonjwa waliokufa wakitibiwa. Moto ule ule uliwaka bila aseniki. Mwaka 1992 kundi hilo likaripoti kwamba panya waliopewa azathioprini, dawa inayotuliza kinga ya mwili, walikingika. Picha ikaanza kujitokeza: tiba inapovivuruga vimelea bila kuvimaliza vyote, kinga ya mwili huja juu, na ubongo huumizwa na askari wake wenyewe.

Ni nani anayewaita askari hao? Mshukiwa mmoja alikuwa dutu P, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum, kisha ikatenganishwa ikiwa safi na Susan Leeman takriban miaka arobaini baadaye. Neva huitoa mahali penye maumivu na uvimbe, nayo hufanya kazi ikishika kipokezi kiitwacho NK1. Mwaka 1997 Kennedy, akiwa pamoja na Leeman mwenyewe, alichapisha jaribio la wazi. Panya walioandaliwa kupata uvimbe ule walipewa RP-67,580, kemikali inayoziba kipokezi cha NK1 ili dutu P isipate pa kushika. Uvimbe ukapungua, na seli zenye umbo la nyota zinazozitunza neva, ambazo huchachamaa mapema katika ugonjwa huu, zikatulia.

Panya si mtu, na vimelea vilivyotumika maabara si vile vinavyoua watu wa huku. Hata hivyo majaribio hayo yaligeuza maana ya vifo vya wodini. Kama aseniki ingekuwa muuaji pekee, ingebaki njia moja tu: kupunguza dozi na kuomba Mungu. Kama uvimbe unapitia vipokezi vinavyojulikana, basi unaweza kuzuiwa. Tayari mwaka 1989 huko Zaire, Jacques Pépin na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba predinisoloni, dawa rahisi inayopunguza uvimbe, ilipunguza madhara hayo kwa wagonjwa wa malale ya aina ya magharibi mwa Afrika. Matumizi ya dawa hiyo yalienea hadi wodi zetu.

Kizuizi cha NK1 hakikufika wodi za malale. Kilifika kwingine. Mwaka 2003 dawa ya aina hiyo, aprepitanti, iliidhinishwa Marekani kuwazuia wagonjwa wa saratani kutapika baada ya kemotherapi. Hakuna anayewaonea gere wagonjwa wa saratani kwa nafuu hiyo. Ila kipokezi ni kile kile, na ubongo wa mkulima wa Amukura umeumbwa kwa udongo ule ule.

Kwa nini tulingoja

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri. Dawa ya aseniki iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 70 kwa sababu waliougua malale hawakuwa soko. Melasoprol ingekuwa tiba ya ugonjwa unaowapata matajiri wa London au New York, isingebaki tumaini la pekee kutoka 1949 hadi wakati wetu huu. Efulonithini inathibitisha hayo. Iliidhinishwa mwaka 1990 kutibu malale ya magharibi, watengenezaji wakaiacha kwa kukosa faida, kisha uzalishaji ukafufuka karibu na mwaka 2001, baada ya dawa hiyo kupata soko katika krimu ya kuondoa nywele usoni. Hata ufufuo huo haukutufaa sisi wa mashariki, kwa kuwa kimelea chetu hakiisikii vizuri dawa hiyo.

Mabadiliko yaliletwa na watu walioamua kutofuata soko. Mwaka 2003 lilianzishwa shirika la DNDi la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, na KEMRI, taasisi hiyo hiyo yenye kituo Alupe, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Lilipekua dawa zilizotupwa kapuni likaikuta feksinidazoli, iliyowahi kutengenezwa Ujerumani na kampuni ya Hoechst, kisha ikaachwa. Kwa malale ya magharibi ilipata kibali cha wataalamu wa Ulaya mwaka 2018. Kwa malale yetu ilijaribiwa kwa wagonjwa 45 katika hospitali ya Rumphi, Malawi, na ya Lwala, Uganda, huko Kaberamaido. Kibali kikapatikana mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaiweka katika mwongozo wake.

Hutolewa kama vidonge, kwa siku 10, pamoja na chakula. Ina usumbufu wake. Huweza kumtapisha mgonjwa, na lazima atazamwe na mhudumu hadi amalize dozi. Lakini hakuna sirinji ya kioo, hakuna mshipa unaoungua, wala hakuna aseniki.

Ushindi unaohitaji walinzi

Mnamo Agosti 2025, WHO ilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya, nchi ya kumi kufikia hatua hiyo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wenyeji alipatikana mwaka 2009. Baada yake walikuwepo wageni wawili mwaka 2012, walioambukizwa Maasai Mara. Ni jambo la kujivunia. Waliotega mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi mitoni, waliopima damu kwa hadubini usiku na mchana, waliowadunga na kuwakesha wagonjwa Alupe, wote wana haki ya kuitwa washindi.

Uthibitisho huo, hata hivyo, hausemi kwamba kimelea kimekwisha. Nagana bado inaua ng'ombe. Mbung'o bado wapo. Ng'ombe wanaendelea kuvuka mpaka, na kimelea kile alichokionyesha Onyango kinaweza kukaa ndani ya ng'ombe asiyeonyesha dalili yoyote. Historia ya eneo hili ni ya ugonjwa unaopotea kwa miaka kumi au ishirini, wataalamu wakastaafu, vifaa vikashika kutu, kisha ukazuka upya kwa kishindo. Daktari kijana anayeanza kazi leo Busia huenda hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja wa malale. Mgonjwa huyo akija na homa isiyosikia dawa ya malaria, nani atakumbuka kumuuliza kama ameumwa na mbung'o? Nani atatazama slaidi ya damu kwa subira, au kuchukua maji ya uti wa mgongo?

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kudai, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza, vidonge vya feksinidazoli viwe karibu na mpaka, mahali panapojulikana na kila zahanati kutoka Samia hadi Angurai, visilazimike kuagizwa mtu akiwa tayari amelala fofofo. La pili, ujuzi wa hadubini ufundishwe upya kila mwaka. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha, lakini hakiwezi kuona malale, na maabara inayotegemea kipimo hicho peke yake imefumba jicho moja. La tatu, ng'ombe watibiwe na wapakwe dawa ya kuua mbung'o kabla ya kuuzwa, pande zote mbili za mpaka, kwa mpango mmoja wa Busia ya Kenya na Busia ya Uganda.

Nawe msomaji, ukiwa na homa inayorudi baada ya dawa ya malaria, ukiwa na kidonda au uvimbe usiouelewa baada ya kuumwa na nzi mkubwa mtoni au mbugani, au ukimwona ndugu yako anasinzia mchana na kukesha usiku huku tabia yake ikibadilika, nenda hospitali na ulitaje neno malale kwa sauti. Usingoje daktari alikumbuke mwenyewe. Wagonjwa wa Alupe walilipa gharama kubwa ili sisi tujue kinachotokea ndani ya ubongo wao, na deni lao linalipwa kwa kutumia elimu hiyo mapema, kabla ya kimelea kuvuka.